Kabla ya Kengele ya Januari: Kumwandaa Mtoto Kuishi na Wenzake Shuleni

Jumatatu ya kwanza ya muhula, miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja aliniletea mwanawe darasa la awali, uso umejaa fahari. "Mwalimu, huyu kuhesabu mpaka mia anajua. Na herufi zote." Kweli alijua. Alinihesabia palepale mlangoni, hakuruka hata moja. Ilipokaribia saa nne nikamwona amekaa kimya pembeni ya mkeka, miguu ameibana, machozi yanamlengalenga. Kaptula ilikuwa imelowa. Ilikuwa mpya, ina mkanda na kifungo kilichokaza. Hakuweza kukifungua, na hakujua amwambie nani. Nyumbani mama akimwangalia usoni tu anajua. Mimi siku hiyo nilikuwa na watoto sitini na tatu, na uso wake sikuuona.

Tangu hapo mzazi akiniuliza kama mwanawe yuko tayari kuanza shule, simuulizi kama anajua herufi. Namuuliza: akibanwa haja mbele ya mtu asiyemjua, anasema?

Herufi niachie mimi. Kusoma, kuandika na kuhesabu ndiyo kazi niliyoajiriwa. Ila mtoto anayeshindwa kukaa na wenzake, kusubiri zamu, kueleza haja yake au kuachana na mama bila kuona dunia imekwisha, hizo herufi zangu hazimwingii, hata nizichore kwa chaki za rangi. Haya ninayoyaandika ni ya mtoto wa miaka minne mpaka sita, yanafanyika nyumbani, na hayahitaji kununua karibu kitu chochote.

Anza Oktoba

Tanzania Bara shule hufunguliwa Januari, na uandikishaji kwa kawaida huanza Oktoba. Siku ukienda na cheti cha kuzaliwa kumwandikisha, na maandalizi yaanze siku hiyo. Miezi mitatu inatosha. Wiki ya mwisho haitoshi, maana wiki ya mwisho wewe mwenyewe utakuwa unakimbizana na sare na madaftari, na mtoto atanusa hofu yako.

Kwa sera ya elimu tuliyo nayo, mwaka mmoja wa awali ni wa lazima, mtoto huingia akiwa na miaka 5 na darasa la kwanza akiwa na 6. Kenya huanza mapema kidogo: miaka 4 kwa mwaka wa kwanza wa awali, 5 kwa wa pili, kisha gredi ya kwanza. Usimsukume kuingia kabla ya umri kwa sababu tu "ana akili sana". Kichwa chaweza kutangulia, moyo usitangulie. Mtoto wa miaka minne aliyechanganywa na wa sita hujikuta mdogo kuliko wote kwenye kila foleni na kila mchezo, na huchoka kabla ya wenzake.

Jambo la kwanza kulirekebisha ni usingizi, kwa sababu nusu ya wanaoitwa "wakorofi" asubuhi ni watoto waliokesha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka mtoto wa miaka 3 hadi 4 alale saa 10 hadi 13 kwa siku, na kukaa mbele ya skrini kusizidi saa 1. Piga hesabu. Kama lazima aamke saa kumi na mbili asubuhi, basi saa mbili usiku awe amelala, na tamthilia ya saa tatu inamhusu mkubwa. Mrudishe nyuma robo saa kila siku chache. Ukitaka kubadilisha yote usiku mmoja mtagombana.

Acha kumtishia kwa shule

"Subiri uanze shule, mwalimu atakunyoosha!" Sentensi hii naisikia mtaani kila siku, na huwa inanichoma. Mtoto anamwaga uji, anatishiwa mwalimu. Anakataa kuoga, anatishiwa mwalimu. Kisha Januari unamshika mkono unamleta kwa yuleyule uliyemfanya zimwi, unashangaa anang'ang'ania kanga yako.

Waambie watu wote wa nyumbani waache, akiwemo bibi, dada wa kazi na kaka zake. Kaka ndio wabaya zaidi, wana hadithi za viboko za kuongeza chumvi. Badala yake mseme mwalimu kama mtu wa kawaida: ana jina, anacheka, ukikwama anakusaidia. Ikiwezekana mpeleke shuleni siku moja kabla ya kufungua, mzunguke uwanja, aone darasa, mti wa kivuli, bomba la maji na choo. Hasa choo.

Usimdanganye upande wa pili pia. "Shule ni raha tu, utacheza siku nzima" ni ahadi itakayovunjika saa mbili na nusu asubuhi. Mwambie ukweli mdogomdogo: mtakuwa wengi, kutakuwa na kelele, kuna wakati wa kukaa na wakati wa kucheza, na ukifika muda fulani nakuja kukuchukua.

Choo, kifungo na chupa ya maji

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo fedheha nyingi za mwaka wa kwanza zinapoanzia. Mtoto aliyejikojolea mbele ya wenzake hasahau, na wenzake hawasahau.

Mtoto aliyezoea poti au choo cha kukaa akikutana na choo cha kuchuchumaa huogopa tundu. Anaona atatumbukia. Wapo wanaojizuia tangu asubuhi mpaka warudi nyumbani, ndipo unapoona tumbo linamuuma kila siku bila ugonjwa. Kama nyumbani hamna choo cha aina hiyo, tafuta kwa ndugu au jirani, mpeleke mara kadhaa. Mwoneshe pa kuweka miguu, jinsi ya kukunja nguo isiguse chini, jinsi ya kuchota maji kwa kopo na kujitawaza mwenyewe. Kujitawaza ndiko kunakosahaulika zaidi. Mzazi anasema "anaenda chooni mwenyewe", kumbe akimaliza huita "Mamaaa, nimemaliza!" Shuleni akiita hivyo hapati mtu. Mwache ajifunze, hata kama wiki ya kwanza utafua nguo zaidi.

Kisha nguo. Kabla hujalipa fundi, mvalishe mtoto ile sare, umwambie: "Vua, jifanye uko chooni." Kaa kimya, mtazame. Akihangaika na kifungo zaidi ya muda wa kuhesabu mpaka ishirini, rudi kwa fundi aweke lastiki. Mkanda wa ngozi unapendeza kwenye picha, lakini subiri akue. Viatu vya kunata ni bora kuliko vya kamba, na ndani ya kila kiatu chora nusu ya jua: viatu vikikaa sawa, nusu mbili zinakutana. Ujanja huu nilifundishwa na bibi mmoja aliyekuwa analea wajukuu wanne. Sijaona mwingine unaoushinda.

Chupa ya maji aweze kuifungua na kuifunga. Chombo cha chakula vilevile. Kama shule ina uji, ajue kushika kikombe cha moto kwa mikono miwili na kusubiri upoe. Mtoto aliyezoea kulishwa na dada huku akitazama katuni hukaa mbele ya uji mpaka kengele inagonga.

Kusema haja yake kwa mtu asiye mama

Kila nyumba ina lugha yake. Kuna wanaosema "susu", kuna wanaosema "shii", na kuna mtoto niliyemfundisha ambaye kwao kwenda haja kubwa kulikuwa "kwenda kwa babu". Nililijua hilo baada ya ajali. Mfundishe maneno ambayo mtu yeyote ataelewa: "Mwalimu, naomba kwenda chooni." Ayaseme kwa sauti ya kusikika, akiwa amenyoosha kidole, bila kusubiri kuulizwa. Mcheze nyumbani, wewe ndiye mwalimu, jifanye una shughuli na umempa mgongo. Arudie. Darasani ndivyo itakavyokuwa.

Kama nyumbani mnaongea Kisukuma, Kiha au lugha nyingine na shule ni ya Kiswahili, sentensi tano zinatosha kuanzia: naomba chooni, naomba maji, naumwa, huyu ananipiga, sijaelewa. Anayempeleka mwanawe mchepuo wa Kiingereza amfundishe hizohizo kwa Kiingereza. Mtoto aliyekatazwa Kiswahili shuleni na hana neno la choo kwa lugha ile nyingine yuko taabani.

Mazoezi mazuri kuliko yote ni dukani. Mtume chumvi duka la jirani, wewe ukiwa umesimama mahali unamwona. Ataamkia: "Shikamoo." Atasema anachotaka, atangoja wakubwa wahudumiwe, atapokea chenji. Mara ya kwanza huenda akarudi mikono mitupu, ati "hajanisikia". Usiende kumnunulia. Mwambie arudi aseme kwa sauti zaidi. Pale ndipo anapojifunza kwamba mtu mzima asipomsikia mara ya kwanza hajamkataa. Darasani nina watoto wengi walioomba mara moja kwa sauti ya chini, wakakaa, wakanuna mpaka mchana.

Na ajue majina yake yote mawili au matatu. Usicheke. Kila mwaka ninapoita daftari kuna mtoto haitiki, kwa sababu maisha yake yote ameitwa Baba au Bebi, na hilo jina la kwenye cheti analisikia siku hiyo.

Kusubiri zamu

Kujizuia, yaani kutaka kitu sasa hivi lakini ukangoja, hukua kwa mazoezi. Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia watoto wa miaka minne wa Kijerumani na wa jamii ya Wanso nchini Kameruni: mtoto anawekewa kitu kitamu mbele yake, anaambiwa akisubiri atapata cha pili. Karibu 7 katika kila 10 wa Kinso walisubiri. Wa Kijerumani hawakufika 3 katika 10. Wanso walitegewa andazi dogo la kwao, na wapo waliosinzia palepale kwenye kiti huku andazi linawatazama. Watafiti waliyahusisha matokeo hayo na malezi: mama wa Kinso humzoesha mtoto tangu mchanga kutulia na kuwaheshimu wakubwa. Nikiwasimulia wazazi hili hucheka, kisha mmoja husema, "Wangu hata chapati ya baba yake haiachi." Basi aanzie hapo, kwenye chapati ya baba yake.

Sisi michezo ya kulijenga hili tunayo tele, tatizo tumeibadilisha na simu. Chukua mchezo wa nyama. Kiongozi anaita, "Nyama, nyama, nyama!" Wote wanaruka: "Nyama!" Ya mbuzi! Nyama! Ya kuku! Nyama! Ya paka! Aliyeruka ametoka. Ukiutazama juujuu ni kelele tu, lakini kila anapoitwa paka mtoto anaizuia miguu iliyokwisha kujiandaa kuruka. Misuli hiyohiyo ya akili ndiyo itakayomzuia kumpokonya mwenzake penseli. Cheza taratibu kwanza, kisha ongeza kasi.

Au kula mbakishie baba: fungu la mchanga, kijiti kimesimama katikati, kila mmoja anachota kwa zamu, na anayekiangusha ameshindwa. Mtoto mwenye pupa hushindwa haraka, na anajifunza bila kuhubiriwa. Kombolela humzoesha kukaa kimya mafichoni, na simama-kaa humzoesha kufuata agizo la kundi. Mtoto ambaye ni peke yake nyumbani, mtafutie watoto wa jirani angalau mara mbili kwa wiki, na usikae katikati kuamua kila ugomvi. Waache wagombanie kijiti. Ingilia kukiwa na damu au jiwe mkononi.

Na akishindwa asihurumiwe kwa kupewa ushindi wa uongo. Baba wengi mnafanya hivyo kwenye bao na karata, nawajua. Mtoto aliyeshinda kila siku nyumbani huja kupindua meza yangu siku anaposhindwa mara ya kwanza.

Waliosoma madrasa, au waliozoea mafunzo ya watoto kanisani, huja tayari na nusu ya haya. Wanajua kukaa kwenye mkeka begani kwa bega, kuitikia pamoja na kusubiri kuitwa. Kama una nafasi hiyo karibu, itumie.

Hasira, ngumi na meno

"Akikupiga, nawe mpige." Naelewa inatoka wapi. Hakuna mzazi anayetaka mwanawe awe mnyonge. Lakini mtoto wa miaka mitano hajui kupima: kagongwa kiwiko bahati mbaya kwenye foleni, anajibu kwa ngumi ya jicho. Mpe hatua tatu badala ya moja. Kwanza aseme kwa sauti kubwa, kiganja kikiwa mbele: "Sitaki! Usinipige!" Pili, aondoke pale. Tatu, aje kwa mwalimu. Mwambie wazi kwamba kumwambia mwalimu kuwa unaumizwa si umbea, maana watoto wenyewe watamwita mmbea.

Upande wako, tazama unavyokasirika. Kama ukikasirika unatupa kitu, atatupa kitu. Msaidie kuzitaja hisia kwa maneno: "Umekasirika kwa sababu kaka kachukua gari lako." Mara nyingi kutajwa tu kunapunguza mvuke. Akiwa amefura usimhubirie, hasikii. Kaa naye, maji kidogo, apumue, mazungumzo yaje baadaye. Anayeng'ata mwambie kwa ufupi na kwa uso mkavu, "Meno ni ya chakula," kisha mwende pamoja kumtazama aliyeng'atwa, aione ile alama. Kumng'ata na yeye "ili asikie uchungu" kunamfundisha kwamba wakubwa pia hung'ata.

Mwili ni wake

Hili lisemwe bila aibu kabla ya siku ya kwanza. Sehemu zinazofunikwa na chupi hakuna mtu wa kuzishika wala kumwambia akubali zishikwe, awe mwanafunzi mkubwa, dereva wa basi la shule, mwalimu au ndugu. Akiguswa, au akiambiwa "hii ni siri yetu", aje aseme, na hatapigwa kwa kusema. Rudia hilo la mwisho mara nyingi, kwa sababu watoto wengi hunyamaza wakiogopa kichapo cha nyumbani. Tanzania na Kenya kuna simu ya bure ya kumsaidia mtoto, namba 116. Iandike ukutani.

Na mkubaliane nani anaruhusiwa kumchukua shuleni. Asiyekuwa kwenye orodha, hata akija na pipi na kulijua jina lako, haondoki naye.

Kuachana, na siku yenyewe

Mtoto ambaye hajawahi kukaa hata nusu siku bila mama asianze zoezi hilo siku ya shule. Kuanzia Novemba mwache kwa shangazi saa moja, kisha mbili, kisha tangu asubuhi mpaka mchana. Kila mara muage, na kila mara urudi muda ulioutaja. Kwa mtoto asiyejua saa sema, "Nitakuja mkishamaliza kula."

Siku ya kwanza fikeni mapema, kabla kelele hazijapanda. Mpe mwalimu salamu na jina la mtoto, mambo mawili ya muhimu anayopaswa kujua kama pumu au mzio, kisha aga. Mkumbatie mara moja, "Nakuja mchana," ondoka. Usitoroke akiwa ametazama pembeni. Wazazi wanadhani wanamwepusha na kilio, lakini mtoto aliyetorokwa huacha kuamini, na kesho yake hageuzi shingo, anakukazia macho na kukushika nguo. Wala usisimame dirishani ukifuta machozi. Nimeshafunga dirisha mbele ya baba mmoja mwenye cheo chake, akilia kuliko mwanawe. Kilio cha wengi huisha dakika chache baada ya mzazi kupotea machoni.

Wiki mbili za kwanza tarajia vituko nyumbani: kukojoa kitandani tena, kununa na hasira jioni, kung'ang'ania. Amejizuia siku nzima mbele ya wageni, akifika kwako anafungulia. Mpe chakula na usingizi, maswali baadaye. Ukimuuliza "Umesoma nini?" atasema "Hamna." Jaribu: ulikaa karibu na nani? Nani alilia? Mlicheza wapi? Jumatatu ya wiki ya pili huwa ngumu kuliko ya kwanza, maana sasa anajua anakokwenda. Mpeleke hivyohivyo.

Yasiyongoja

Akikaribia miaka mitano, kama ukimwita kwa jina hageuki, watu wa nje hawaelewi anachosema, hajali kabisa watoto wengine, au ujuzi aliokuwa nao umepotea, nenda kituo cha afya akapimwe masikio na macho kwanza. Mara nyingi "mkaidi" ni mtoto asiyesikia vizuri. Usimfiche nyumbani. Mweleze mwalimu mapema, akae mbele.

Yule mvulana wa kaptula? Mama yake alirudi kesho yake na kaptula ya lastiki, na jioni nzima walikuwa wamefanya mazoezi ya kuomba ruhusa. Wiki ya tatu nikiwa naandika ubaoni nikahisi gauni linavutwa. Ni yeye. Nikamwambia, "Haya, nenda chooni." Akatikisa kichwa, akanyoosha kidole kwa msichana aliyekaa mwisho wa mkeka, miguu ameibana.

"Si mimi mwalimu. Ni yule."